Kula Nje ya Dar kwa Safari ya Kutwa: Fuata Soko, Usifuate Bango

Ukiandika kwenye simu "mgahawa mzuri Bagamoyo", majibu ya kwanza yatakuwa hoteli za ufukweni zenye bwawa la kuogelea. Mama anayekaanga samaki hatua chache kutoka majini hayumo. Muuza kahawa wa kijiweni hayumo. Hawana bango wala ukurasa, na wengine hata jina la biashara hawana. Wateja wao wanasema tu "pale kwa yule mama". Mwongozo huu ni wa kuwafikia hao, kwa mtu anayeishi Dar es Salaam au amefikia Dar, na ana siku moja tu: anatoka alfajiri, usiku analala kwake.

Kanuni ni moja na mengine yote yanaifuata: panga safari kwa soko, mgahawa utakuja wenyewe. Sokoni ndiko kitoweo kinakofika kibichi, na ndiko waliko watu walioamka saa 10 alfajiri, waliobeba magunia na matenga, wanaotaka kula vizuri, kwa haraka na kwa bei ya kawaida. Mpishi anayewalisha watu hao hawezi kubahatisha. Wakimkimbia leo, kesho hana mtaji. Mgahawa unaotegemea wageni wa kupita unaweza kupika ovyo mwaka mzima na bado ukajaa, maana mteja wa jana harudi kulalamika.

Hatua ya 1: Jua siku ya soko, na kama ni la samaki, tazama mwezi

Kuna masoko ya kila siku, kama Darajani kule Unguja au soko la Chifu Kingalu pale Morogoro mjini. Hayo siku yoyote inafaa, ilimradi ufike asubuhi. Kuna ya siku maalumu, kama mnada wa Msalato nje kidogo ya Dodoma, ambao siku yake ni Jumamosi. Ukienda Jumanne utakuta uwanja na vumbi. Kabla ya kukata tiketi yoyote, piga simu kwa mtu aliye kule, au uliza makonda wa njia hiyo. Konda anajua siku ya soko kuliko mtu yeyote, kwa sababu ndiyo siku gari lake linajaa.

Masoko ya samaki yana kalenda ya peke yake, na hapa watu wengi wa bara hukosea. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa haina kazi kukiwa na mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu dagaa wabichi hupungua na bei hupanda. Pweza naye ana hesabu yake: wengi hukamatwa miambani maji yakipwa sana, siku za bamvu, yaani karibu na mwezi kuandama na karibu na mwezi mpevu. Siku za maji mafu, katikati ya hapo, mwamba haufunuki vizuri na pweza huwa haba. Ukitaka dagaa, basi, nenda kwenye giza. Ukitaka pweza, nenda kwenye bamvu. Mwezi unapoandama unapata vyote viwili, na mimi safari zangu za pwani huziweka siku hizo nikiweza.

Halafu kuna kalenda ya ibada. Mwezi wa Ramadhani si wakati wa kwenda Unguja kutafuta chakula cha mchana. Vibanda vingi hufungwa hadi magharibi, na kula hadharani ni kuwakosea adabu wenyeji wako. Ijumaa nayo, kuanzia adhuhuri, maduka na vibanda vingi husimama kwa ajili ya swala. Fika mapema au subiri baada ya saa 8.

Hatua ya 2: Anza na saa ya kurudi

Watu hupanga saa ya kuondoka na kuiacha ya kurudi mikononi mwa Mungu. Geuza. Boti za mwisho kutoka Unguja kurudi Dar kwa kawaida huondoka alasiri, si usiku. Treni ya SGR, ile ya umeme ya Morogoro na Dodoma, ina ratiba yake na haikusubiri. Daladala za Bagamoyo zipo hadi jioni, lakini jioni ya Jumapili utasimama kutoka Bagamoyo hadi Bunju ukiwa na kikapu cha samaki miguuni.

Ukishajua saa ya kurudi, toa saa moja ya tahadhari, toa saa moja ya manunuzi, kisha tazama kilichobaki. Kwa Unguja, ukiondoka Dar na boti ya asubuhi, safari inachukua kama saa 2, kwa hiyo utabakiwa na muda wa kunywa chai, kuzunguka soko, kula mchana na kukaa kijiweni. Usiongeze Kizimkazi wala mashamba ya viungo. Siku haitoshi, utaishia kula biskuti kwenye gari.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayofuta Forodhani, bustani ya vyakula vya usiku kule Unguja, kwenye safari ya kutwa. Bustani ile huchangamka jua linapozama, na saa hiyo wewe uko baharini kuelekea Dar. Wengine hughairi boti ili waipate, wakaishia kulipia chumba. Sioni kama inastahili. Asubuhi ya Darajani ina ladha zaidi na haina watu wa kukuvuta mkono.

Hatua ya 3: Vitu vya kubeba

Kikapu cha ukindu au mfuko wa kitambaa, kwa sababu mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019 na Zanzibar ilitangulia. Noti ndogo: za elfu moja, elfu mbili, na sarafu. Mama lishe wa saa 1 asubuhi hana chenji ya elfu kumi, na hata kama anapokea pesa kwa simu, mtandao una siku zake. Chupa ya maji, kitambaa cha mkono, bakuli moja lenye mfuniko. Kwa Unguja, kitambulisho na nguo ya kujistiri mabega na magoti. Kanga moja begani inatosha. Basi.

Hatua ya 4: Zunguka mara moja kabla hujakaa

Njaa ya asubuhi ni mshauri mbaya. Ukishuka tu utaona hoteli ya kwanza pale stendi, ina vioo na kuku wanaozunguka kwenye mashine. Ipite. Nenda hadi sokoni, lizunguke lote bila kununua kitu, ukitazama vitu viwili: watu wanaofanya kazi nzito wamekaa wapi, na moshi wa mkaa unatoka wapi. Mahali vitu hivyo viwili vinapokutana ndipo pa kurudi.

Kisha uliza, ila uliza vizuri. Ukimwuliza mtu "mgahawa mzuri uko wapi?" atakutazama viatu, atakuona mgeni, na kwa nia njema kabisa atakupeleka kwenye vigae na kiyoyozi. Swali linalofanya kazi ni jingine: "Shikamoo mzee. Samahani, nyinyi hapa chai mnakunywa wapi?" Hapo umemwuliza anachokijua na anachokipenda. Jibu litakuja na maelekezo na onyo juu yake: "Hapo nyuma ya ule mwembe, kwa yule mama wa mbaazi. Ila wahi, saa 3 zinakwisha." Hilo la "wahi" ndilo unalolitafuta. Chakula kinachoisha mapema kimeshapigiwa kura.

Wa kuwauliza: makuli, wasukuma mikokoteni, wauza nazi, mafundi cherehani waliokaa barazani tangu asubuhi. Bodaboda wa stendi namwuliza mwisho, kwa kuwa amezoea kupeleka wageni anakodhani wageni wanapenda. Na salamu isikose. Pwani mtu anayeanza na swali bila salamu hujibiwa kwa kidole tu.

Hatua ya 5: Soma kibanda kabla ya kuagiza

Simama kando kama unayemsubiri mtu, tazama dakika tano. Mambo ya kutazama ni haya.

Vyakula vichache. Kibanda chenye wali, ugali, maharage na samaki wa siku hiyo kinaaminika kuliko chenye orodha ya vyakula ishirini ukutani, ambavyo kumi na tano "leo havipo".

Nazi. Kama wanasema ni wali wa nazi, tafuta mbuzi ya kukunia kando ya jiko na vifuu vilivyorundikwa nyuma. Vifuu vibichi havidanganyi. Ukikosa vyote viwili, tui limetoka kwenye pakiti. Si dhambi, ila bei isiwe ya nazi.

Mafuta ya kukaangia. Mafuta yaliyochoka huwa meusi, yanatoa povu na moshi wa kukera pua. Kila samaki akitumbukizwa lazima yachachatike papo hapo.

Kunawa. Jagi, beseni na sabuni vikiletwa bila kuombwa, huyo mama ana utaratibu hata jikoni.

Mstari wa watu una maana, lakini tazama ni mstari wa nani. Foleni ya wanafunzi inakwambia ni rahisi. Foleni ya madereva inakwambia ni kingi. Ukiona wauza samaki wanakula samaki mahali fulani, usiulize tena, kaa.

Kwa vitafunio nitachukua kitumbua, kwa sababu kinapatikana karibu kila soko la pwani na ni rahisi kukipima. Mchele hulowekwa usiku, husagwa na tui, hutiwa hamira, sukari na iliki, huachwa uumuke. Alfajiri humiminwa kwenye chuma chenye vishimo, mafuta kidogo kila kimoja, na mpishi hugeuza kwa kijiti kimoja kwa haraka ya ajabu. Kivunje cha kwanza kabla hujaagiza vingine. Kingo ziwe kahawia na zikatike, ndani kuwe na matundu madogo na harufu ya iliki. Kikivutika, kimetiwa unga mwingi wa ngano. Kikiacha mafuta vidoleni kama umeshika injini, chuma hakikuwa na moto wa kutosha. Kula kimoja, shukuru, nenda kwa jirani yake.

Hatua ya 6: Chagua mojawapo ya safari hizi

Bagamoyo

Hii ndiyo ya kuanzia, kwa sababu ni karibu, kama kilomita 70, na ukikosea unarudi nyumbani mchana bila hasara. Panda daladala Makumbusho mapema. Ukishuka Bagamoyo, usikae stendi, nenda moja kwa moja Mji Mkongwe hadi soko la samaki ufukweni, karibu na iliyokuwa forodha ya Wajerumani.

Hakuna saa ya kudumu ya vyombo kuingia. Vinafuata upepo na maji. Uliza ukifika: "Vyombo vimeshaingia?" Kama bado, una muda wa chai na chapati. Kama vimeingia, sogea mnadani. Samaki humwagwa, dalali huanza kutaja bei kwa sauti ya kukaza, wachuuzi wamezunguka na kupandisha kwa ishara ndogo ndogo, na ndani ya dakika chache fungu limeshapata mwenyewe. Simama nyuma yao. Usinyooshe mkono kuonyesha kitu hata kwa rafiki yako, maana kidole hapo kina bei. Mnadani wananunua wa jumla. Wewe subiri mchuuzi aliyeshinda alipange fungu lake pembeni, ndipo umwulize bei.

Samaki mzuri ana macho yaliyojaa na yanayong'aa, matamvua mekundu, na nyama inayorudi ukiibonyeza. Baada ya kununua, wapo vijana wanaopara magamba na kutumbua kwa malipo kidogo. Wakaangaji nao wapo hapohapo na makarai makubwa juu ya kuni. Wengine hukubali kukukaangia samaki uliyemnunua mwenyewe, mkipatana bei kabla hajaingia kwenye mafuta. Ukiona kazi, nunua aliyekwisha kukaangwa: changu, tasi, kibua, chochote kilichotoka karaini sasa hivi. Agiza ndimu na pilipili, tafuta muhogo au ugali kwa jirani, keti kwenye benchi lolote. Sahani ya bei kubwa ya hoteli ya ufukweni imetoka kwenye mnada huuhuu, ila ilipitia jokofu.

Muda kati ya mnada na chakula cha mchana usiupoteze. Boma la Wajerumani la 1897 liko kwa miguu. Misheni ya Mababa wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa 1868, haiko mbali. Magofu ya Kaole ni kilomita chache kusini, bodaboda anakupeleka na kukusubiri. Mchana, jua likipungua, rudi Mji Mkongwe utafute kijiwe cha kahawa chungu na kashata kwenye baraza za nyumba za zamani. Ukisikia bao linagongwa, umefika.

Unguja

Boti ya asubuhi, tembea kutoka bandarini Malindi hadi Darajani. Ni mwendo mfupi, na teksi itakuzungusha kuliko miguu yako. Marikiti, yaani soko lenyewe la Darajani, ilifunguliwa 1904 na bado paa lake lina kelele zilezile: samaki upande wake, nyama upande wake, viungo na matunda vimemwagikia nje hadi barabarani.

Anza na chai. Omba mbaazi za nazi kwa maandazi, au supu kwa chapati. Mkate wa ufuta uchukue ukiwa wa moto, kwa kuwa ukipoa unakuwa mkate mwingine kabisa. Halafu fanya mzunguko wako. Viungo usinunue kwenye vipakiti vilivyofungwa kwa zawadi, vimekaa. Nunua vya kupimiwa, kwa muuzaji anayewauzia akina mama wa Unguja: shika karafuu, iminye kwa kucha, ukiona imetoa mafuta kidogo ni nzuri. Mdalasini uwe na harufu kabla hujauvunja.

Mchana una njia mbili. Lukmaan, pale Mkunazini kwenye mbuyu, inajulikana na kila mtu na bado wenyeji wanakula pale: vyakula vimepangwa mbele yako, unanyoosha kidole, wanakupakulia. Njia ya pili ni kusubiri urojo. Vibanda vingi vya urojo huchangamka kuanzia mchana, na bakuli lake ni mlo kamili: rojo la manjano lenye uchachu wa embe mbichi au ndimu, ndani kuna viazi, bajia, kachori, mishikaki, yai, juu wametawanya chipsi za muhogo, chatne ya nazi na pilipili. Mwambie muuzaji pilipili unayoiweza, kwa unyenyekevu. Mimi huhukumu kibanda cha urojo kwa bajia: zikiwa zimekaangwa asubuhi zikalala, zinalainika na kuwa uji ndani ya rojo, zikiwa za sasa hivi zinabaki na uti.

Baada ya hapo, kahawa. Watu wanaosaka migahawa ya kahawa yenye mashine za kigeni wataipata Mji Mkongwe, mingine ndani ya nyumba za zamani na viti vizuri, na sina ugomvi nayo. Lakini kijiwe cha Jaws Corner ndicho mgahawa wa kahawa ambao mji ulijitengenezea wenyewe. Pana baraza za saruji, dele la kahawa juu ya mkaa, vikombe vidogo visivyo na mkono, na mabishano ya siasa na mpira yasiyokwisha. Hakuna orodha ya bei. Unakaa, unatoa salamu, unainua kidole, unamiminiwa. Ni ya sarafu tu, kwa hiyo usitoe noti kubwa. Vikombe vinasuuzwa ndoo moja kwa wote; mwenye wasiwasi aje na kikombe chake, hakuna atakayemcheka. Wanaokaa pale ni wanaume kwa wingi. Mwanamke msafiri anakaribishwa, ila kama hataki kutazamwa, akae na mwenzake au achukue kahawa yake pembeni. Usichukue kiti cha mzee aliyeinuka kwenda kuswali, atarudi.

Morogoro kwa SGR

Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro, Juni 2024, Morogoro imekuwa safari ya kutwa isiyo na foleni ya Kibaha. Nauli iliyotangazwa mwanzoni kwa daraja la kawaida ilikuwa shilingi 13,000, na safari haifiki saa 2. Kata tiketi mapema, hasa mwisho wa wiki, na uwe na kitambulisho. Ukifika, chukua daladala au bajaji hadi mjini.

Huku hufuati samaki, unafuata milima. Soko la Chifu Kingalu linapokea mazao kutoka Uluguru: mboga za Mgeta, ndizi za kila namna, matunda na viungo vya upande wa Matombo. Ukibahatisha msimu utapata fyulisi na plamu za Mgeta, matunda ambayo mtu wa Dar hulipia bei ya dukani. Kula ndizi nyama au wali kwa mboga tatu kwa akina mama wa sokoni, na uulize mboga ya siku hiyo imetoka wapi. Watakutajia hadi kijiji.

Dodoma, Jumamosi tu

Hii ni ya wazimu kidogo: kusafiri zaidi ya kilomita 400 kwenda kula mbuzi. Lakini treni ya Dodoma, iliyoanza Julai 2024, inachukua kati ya saa 3 na 4, nauli ya kawaida ilitangazwa shilingi 31,000, na mnada wa Msalato upo kila Jumamosi. Pale unachagua nyama ikiwa bado inaning'inia, inapimwa kwa kilo mbele yako, inakwenda motoni. Chagua mbavu na paja kwa pamoja, mbavu zinaiva kwanza. Mwambie mchomaji asikatekate kabla haijaiva, kisha kaa karibu na jiko, usiende kuzurura. Nyama ya mtu asiyeonekana hupungua. Zabibu ziko njiani katika misimu yake miwili ya mavuno. Kama treni ya kurudi ni ya mapema, acha Msalato kwa siku nyingine, usile nyama mbichi kwa haraka.

Hatua ya 7: Kununua bila kugombana

Bei ya chakula kilichopikwa haipatanwi. Ukiona kubwa, uliza kabla ya kukaa, kisha ama kaa ama ondoka. Bei ya sokoni hupatanwa, ila kwa wazungumzaji wawili wenye nafasi: uliza kwa wauzaji watatu bila kunyanyua kitu, rudi kwa wa katikati. Jua unanunua kwa kipimo gani. Fungu, kichane, sado na kilo ni hesabu tofauti, na fungu la juu linalopendeza huwa na nyanya kubwa mbele, ndogo nyuma. Lizungushe.

Usipige picha ya mtu anayepika bila kuomba. Baada ya kula na kulipa ni rahisi zaidi kukubaliwa kuliko kabla. Dalali akiwa kazini usimpige picha kabisa.

Manunuzi mazito yafanye mwisho, ukiwa unaelekea kwenye usafiri. Nazi tano zilizonunuliwa saa 3 asubuhi utazichukia saa 6. Samaki mbichi kwa basi au boti anahitaji barafu na chombo kisichovuja. Kama huna, nunua wa kukaanga au dagaa wakavu, utawapa abiria wenzako amani. Matunda laini juu, viazi chini. Viungo vikae mbali na unga wa kahawa, vinaambukizana harufu.

Hatua ya 8: Weka alama ili upate tena

Kibanda kisicho na jina hakirudiwi kwa kumbukumbu peke yake. Weka alama ya ramani kwenye simu ukiwa umesimama pale pale, kisha andika kwa maneno yako: nyuma ya mwembe, mlango wa bluu, mkabala na fundi baiskeli, mbaazi hadi saa 3, Jumapili hafungui. Mwembe ukikatwa bado una fundi baiskeli.

Omba namba ya simu ya mpishi. Wengi watakupa kwa furaha, na faida yake utaiona safari ijayo: unapiga jioni kabla, "Shikamoo mama, kesho tunakuja watu wanne, utapika pweza?" Atakwambia kama maji yanaruhusu. Akisema hapana, hamisha siku.

Ukimwelekeza rafiki, mpe na siku, saa, na jina la kumwulizia sokoni. Usimpeleke na kundi la watu kumi na tano bila kumjulisha mpishi, sufuria yake ni ya wateja wake wa kila siku, na makuli wakikosa chai kwa sababu yenu, safari ijayo ukiuliza "mnakunywa wapi chai?" utaonyeshwa hoteli ya vioo pale stendi.